Bibi anamtuma, mama anamzuia: mtoto atoke magharibi au asitoke?

Juzi nyumbani huku Mbagala kumetokea ubishi, bibi kamtuma mjukuu wake wa miaka 8 akachukue sukari dukani kwa Mangi, saa 12 na nusu jioni hiyo, dada yangu ambaye ndo mama wa mtoto kasimama mlangoni kasema haendi mtu, giza linaingia. Bibi akamwambia we mbona nilikuwa nakutuma mpaka sokoni, ulipotea? Sukari nikaenda kuchukua mie, ila njia nzima nawaza nani yuko sawa.

Dada watu wanamuona muoga lakini ana hoja. Jua la Dar halikusubiri, Juni linazama kama saa 12 na robo, Februari linajivuta mpaka karibu saa 1, na likishazama ndo basi, dakika ishirini na kitu kiza kishatanda. Kwahiyo mtoto unamtuma kukiwa na mwanga, akipitia tu kuwaangalia wenzie wanacheza kombolela anarudi hata miguu yake haioni. Na muda huohuo ndo watu wanarudi makazini, bodaboda zinapishana kwenye vichochoro, nyingine taa haiwaki, na dogo kavaa tisheti nyeusi. Hapo watu wabaya sijawagusa bado. Alafu kuna mbu, wengi tunamhofia wa malaria anayeuma usiku, kumbe wa dengi anauma mchana na kabla jua halijazama ndo anachangamka, Dar 2014 na 2019 tulimjua vizuri.

Wazee nao walikuwa wanatufukuza ndani magharibi, eti mashetani yanapita (bibi huyuhuyu alikuwa anasema hivyo, leo anatuma!). Kwa Waislamu hadithi ya Mtume ipo kabisa, usiku ukiingia wazuieni watoto, ila watu wanakata katikati, maana inaendelea kwamba kipande cha usiku kikishapita waachieni. Yaani ni tahadhari ya muda, sio kifungo.

Sasa bibi. Yeye anakumbuka mtaa ambao mtoto akitoka anapita mbele ya mama wa vitumbua, fundi cherehani, wazee wa bao, mjumbe wa nyumba kumi, kila mmoja anapewa shikamoo na kila mmoja anajua huyu wa nani, akichelewa wanamuuliza we hujarudi tu kwenu? Ulinzi ulikuwa huo, wala hakuna aliyeulipia. Na mtoto alikuwa anajifunza kuhesabu chenji, mbwa yupi mkali, njia ipi ikinyesha haipitiki. Anayefungiwa anabaki na simu na katuni, mtaa haumjui, siku akipotea kweli nani atasema huyu mtoto wa fulani? Tena huko ndani tunakokuita salama, wanaowadhuru watoto mara nyingi ni watu wanaowajua, ndugu, jirani, mpangaji. Hilo geti halilizuii.

Mi naona wote wawili wanampima mtoto, kumbe cha kupimwa ni njia. Kwetu mpaka kwa Mangi ni kama hatua 60, hakuna lami, baraza tatu zina watu, hapo bibi kashinda, japo angemtuma saa 11. Lakini ingekuwa kuvuka barabara kubwa, au siku umeme umekatika mtaa mzima, nisingebishana na dada hata kidogo. Na kama njia haina watu kwa sababu sisi wakubwa wote tumejifungia tunaangalia mpira, basi tukae nje kidogo jioni, au baba mtu atembee na mwanae, sio kila kitu mama na bibi.

Nilivyofika dukani Mangi kaniangalia kama mgeni, akaniuliza sukari ya nani. Nikamwambia ya bibi wa nyumba ya mwembe. Akasema aah, dogo yuko wapi leo, anaumwa?