Eti kriminolojia ni somo la wavivu?

Juzi nimemsikia mzazi akimwambia bintiye wa miaka 16, mbele za watu, kwamba kriminolojia, yaani somo la uhalifu na namna jamii inavyoushughulikia, ni somo la wavivu wanaopenda filamu za mauaji, linafundisha wizi, na kama ni lazima, lisubiri chuo kikuu. Binti akanyamaza. Mimi siwezi.

Hapana, halifundishi wizi. Wezi hawajawahi kungoja mtaala. Na ndiyo, nakubali kwa shingo upande, wapo wanaolichagua kwa sababu ya wauaji wa kwenye runinga, kisha wakikutana na kitabu cha Beccaria cha mwaka 1764 kuhusu makosa na adhabu wanapiga miayo. Watazoea.

Kinachonichemsha ni hiki. Sally Clark, wakili wa Uingereza, alifiwa na wanawe wawili wachanga, akashtakiwa kwa kuwaua. Mwaka 1999 profesa wa magonjwa ya watoto aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla katika familia kama ile ni 1 kati ya milioni 73. Kaipata wapi? Kachukua 1 kati ya 8,543, uwezekano wa kifo kimoja cha aina hiyo, kaizidisha kwa yenyewe, basi! Hesabu ya kurusha sarafu mara mbili, kana kwamba kifo kimoja hakihusiani na kingine, kwa ndugu wa tumbo moja waliolala nyumba moja. Na mama kuua wanawe wawili, je, hilo ni la kila siku? Watu 10 kati ya 12 wa jopo, raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, wakamtia hatiani. Chama cha wanatakwimu, Royal Statistical Society, kikaja kupinga hadharani mwaka 2001. Kumbe hata majibu ya maabara ya mtoto wa pili mawakili wake hawakupewa. Aliachiwa 2003, akafariki 2007.

Sasa, kule Uingereza mtu huitwa kwenye jopo tangu miaka 18. Aliye darasani leo na miaka 17, mwakani anaweza kushika maisha ya mtu mkononi. Halafu tunamwambia asubiri chuo kikuu! Wale 10 walisomea wapi?

Mwanafunzi akifika kwa Lombroso, daktari wa Italia aliyedai mwaka 1876 kwamba mhalifu wa kuzaliwa hujulikana kwa taya na masikio, atacheka. Mwache acheke, kisha mwulize kwa nini yeye huvuka barabara akiona vijana fulani.

Ombi langu kwa wakuu wa shule: somo hili msimtupie mwalimu yeyote mwenye vipindi vichache. Mpeni anayeweza kuiandika ile 8,543 ubaoni na kukaa nayo kipindi kizima.