Sikulamba kiatu cha mtu
Nianze na hilo, maana jamaa yangu ameshawasimulia kwamba nililamba kiatu zoezini, na wengine mmeanza kunitumia stika za ndama. Sikulamba. Niliegemea. Kulamba na kuegemea ni mambo mawili, hata mbele ya hakimu.

Zoezi letu mnalijua, lile wanaloliita Authentic Movement: watu wazima na akili zao, peku, wawili wawili. Mmoja anafumba macho na kuuachia mwili ujiendee, mwenzake anakaa pembeni kama shahidi. Si uchawi, na zoezi sikulibuni mimi. Mary Starks Whitehouse, mcheza dansi wa Marekani aliyechota mengi kwa Carl Jung, yule daktari wa akili wa Uswisi, alianza kufundisha hivi miaka ya 1950, na mwanafunzi wake Janet Adler ndiye aliyeikuza kazi ya shahidi. Kengele inalia, unatulia dakika moja au mbili bila kupanga kitu. Ukijikuta unawaza "sasa ninyooshe mkono", usiunyooshe. Mkono ukiinuka wenyewe, ufuate. Ukihisi mwendo wa kasi unakuja, fumbua macho. Kanuni hiyo imeokoa meno ya wengi. Dakika 10, kengele tena, basi. Na mifukoni kusiwe na kitu chochote. Hilo nalitangaza mimi, kila wiki, kwa sauti kubwa.

Sasa, safari hii tulikuwa witiri. Dawa ya witiri naijua: watatu wakae pamoja, mchezaji mmoja na mashahidi wawili. Lakini mwili uliniwasha, nami ni binadamu. Nikaingia kuziba pengo, jamaa yangu akawa shahidi wangu. Nikapiga kengele, nikaitia mfukoni. (Ndiyo. Mfukoni. Endeleeni kusoma.) Simu nikaitegea dakika 10 na kuiweka juu ya rundo la magodoro, kumbe niliizima sauti tangu asubuhi. Ikatetemeka juu ya sponji mpaka ikachoka. Mpiga kengele amefumba macho, kengele anayo mwenyewe: niambieni nani angelimaliza zoezi lile.

Mwanzoni niliyumba, kama ilivyo kawaida, kwa sababu macho yakifumbwa mizani inabaki kwa sikio la ndani na kwa misuli na viungo. Nikashuka magotini, mahali ambapo mtu hana pa kuangukia. Nikatambaa. Kila nikisogea, ng'ing', ng'ing'. Na mimi, mtaalamu mzima, nikawaza: nani huyu kaja na bangili? Mbuzi anaijua kengele yake. Mimi sikuijua.

Kisha nikagusa mguu.

Ukimgusa mchezaji mwenzako hutakiwi kuruka nyuma. Unatulia, unasikiliza kama mwili wake unakukaribisha au unajitoa. Nikatulia. Mguu haukusogea. Nikaweka paji la uso hapo. Suruali ngumu, yenye mstari wa pasi. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza, maana nani anakuja kugaagaa sakafuni na suruali iliyopigwa pasi? Shavu likateremka taratibu mpaka chini kabisa, likakuta ngozi. Baridi. Ngumu. Yenye kamba. Dalili ya pili, ukumbi mzima tuko peku! Lakini akili nilikuwa nimeivua pamoja na viatu vyangu. Nikajisemea, masikini huyu, mguu umemkakamaa hivi, ana dhiki. Nikamhurumia kwa dhati. Nikamwachia uzito kidogo kidogo kama inavyotakiwa, kichwa kwanza, halafu bega, halafu nikaachia sauti. Sauti ya ndama aliyekosa chuchu. Ilikuwa ndefu, na mwishoni ikatetemeka.

Mkono ukanipapasa utosini, mara mbili.

"Mwalimu," sauti ikasema kwa upole, "muda wenu umekwisha. Kuna wenzenu wanasubiri."

Mlinzi wa ukumbi, na funguo zake. Nyuma yake, mlangoni, kwaya nzima imejipanga na mafaili kifuani, sauti ya kwanza mbele. Wenzangu walikuwa wamefumbua macho zamani, wamekaa ukutani, wengine wameshafunga kamba za viatu. Dakika 24.

Nikaomba radhi, nikabeba godoro moja bila sababu, nikatoka. Soksi bado ziko kule.

"Mbona hukunizuia?" nikamuuliza jamaa yangu nje.

"Shahidi haingilii mpaka mchezaji awe hatarini," akanijibu. Maneno yangu hayo, neno kwa neno. "Aliyekuwa hatarini ni mlinzi."

Na kwa utaratibu wetu, zoezi likiisha mchezaji husema kwanza, shahidi hufuata: anasema kwa wakati uliopo, alichokiona na alichokihisi yeye, bila kuhukumu wala kufasiri. Mimi sikuwa na la kusema. Akavuta pumzi, akaweka mkono kifuani.

"Namwona mtu amelalia kiatu," akasema. "Nasikia kengele. Nahisi mbavu zinaniuma."