Kikapu cha Pasaka cha mtoto mdogo kianze na mdomo wake

Jamani mama wenzangu mlioko huku Marekani, Pasaka ndio hiyo inakuja na madukani Valentine ikiisha tu rafu zinageuka rangi, sungura kila kona, vifaranga vya njano, na vile vikapu vya kuwapa watoto siku ya Pasaka, vilivyokwisha kujazwa pipi na midoli na kufungwa nailoni inayong'aa vimepangwa karibu na keshia ubebe uondoke. Mimi nina maoni yangu kuhusu hivyo vikapu na nayasema wazi: kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu usinunue. Chukua kikapu kitupu, jaza mwenyewe.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Mwaka juzi kijana wangu alikuwa na miezi tisa, dada yake miaka miwili na nusu, mtu anayetupenda sana akatuletea vikapu viwili vya dukani, cha mkubwa na cha mdogo vinafanana kila kitu. Nikawakalisha kwenye kapeti niwapige picha nimtumie bibi yao Morogoro, hata dakika mbili hazijaisha mdogo akanyamaza, mnaujua ule ukimya, namwangalia anatafuna kitu, naingiza kidole natoa unyasi wa plastiki wa kijani mrefu kama kiganja changu, nusu ulishaenda kooni. Mikono ilinitetemeka mpaka jioni. Usiku walipolala nikamwaga vyote mezani nikavikagua kimoja kimoja: peremende za jeli, mashimelo, chokleti yenye karanga, na kiyai fulani ambacho ukikitumbukiza kwenye maji kinavimba kinatoa mnyama. Nyuma yake kwa herufi ndogo kama sisimizi imeandikwa si kwa watoto chini ya miaka 3. Na kilikuwa kwenye kikapu cha mtoto wa miezi tisa!

Mtoto wa umri huo anaijua dunia kwa mdomo. Kila utakachomuwekea ataking'ata kwanza ndio akiangalie. Kwa hiyo mimi sasa hivi napima kila kitu na lile boksi la duara la ndani ya toilet pepa, kikipita mule hakiingii kwenye kikapu. Serikali huku nayo ina kipimo chake cha midoli, kichombo cha duara chenye upana wa sm 3.17, kitu kikizama chote mule ndani basi hakiruhusiwi kuwa mdoli wa mtoto chini ya miaka 3. Lile la toilet pepa ni pana zaidi ya hapo, kwa hiyo linakamata na vingine ambavyo kipimo cha serikali kingeviachia. Na hivyo vinavyovimba kwenye maji, pamoja na vile vimpira vya jeli vya rangirangi, naomba hata mkubwa asipewe kama nyumba ina mdogo, vikimezwa vinaweza kuendelea kuvimba tumboni mpaka vizibe utumbo.

Upande wa kula, madaktari wa watoto huku wanashauri mtoto asipewe sukari ya kuongezwa mpaka afikishe miaka miwili, peremende ngumu, karanga nzima na bisi zisubiri mpaka miaka minne. Asali kabla ya mwaka mmoja usithubutu, najua kwetu wengi tumelambishwa tukiwa wachanga na tukakua, lakini inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli, ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi. Zabibu zikiwepo zikatwe kwa urefu vipande vinne. Dada mtu nampa sungura mmoja wa chokleti, yule wa wazi ndani, tunamvunja pamoja mezani. Mdogo aliwekewa yai halisi la kuchemsha, nikalisaga na parachichi, alikula mpaka nyusi.

Kinachonisikitisha ni kwamba hii desturi yenyewe ilianza kidogo tu. Wajerumani waliohamia Pennsylvania miaka ya 1700 walikuja na hadithi ya sungura wa Pasaka, kwao wanamwita Osterhase, watoto wanatengeneza kiota, wengine kwa kofia zao, sungura akipita usiku atage mayai ya rangi. Basi. Kiota ndio baadaye kikawa kikapu. Sasa mtu anatumia dola sitini kwa mtoto ambaye hajui hata leo ni siku gani, na nusu ya vitu vinaishia kwenye pipa.

Mimi nakijaza kwa vitu ambavyo ningevinunua tu hata isingekuwa Pasaka. Chini siweki unyasi, naweka kanga iliyokunjwa, ile tunayochezea kujificha, namfunika kichwa namfunua anacheka. Juu yake raba kubwa ya kung'ata, kitabu cha kurasa ngumu, bakuli linalonata mezani lisitupwe chini, kofia ya jua maana hapa Houston mwezi wa nne jua si mchezo. Kwenye mayai ya plastiki, yale makubwa, naweka soksi, kila yai soksi moja, na mwaka jana kijana alipoanza kutembea alihangaika kuyafungua robo saa nzima anatoa soksi anashangilia. Dada mtu akapata chaki nene za kuchorea barazani, mapovu ya kupuliza, na ndoo ya mchanga. Mdoli wa sungura sawa, macho yawe ya kushonwa kwa uzi na si vifungo, na kama hajafika mwaka mmoja usimlaze nao, kitandani kwake kuwe kutupu.

Vifaranga hai sitaki hata kuviona karibu yao. Nimekua na kuku uani na navipenda, ila hapa wanashauri watoto chini ya miaka mitano wasishike kabisa kwa ajili ya salmonela, vijidudu vya kuharisha, na mtoto anayenyonya vidole siku nzima utamnawisha mara ngapi?

Sasa kuna wenzangu wa jumuiya wananiambia kikapu ni mambo ya kizungu, Yesu yuko wapi hapo. Nawaelewa, na ndio maana kitu kikubwa kwenye kikapu cha wanangu ni nguo ya Pasaka. Sisi tulikua hivyo, Ijumaa Kuu unanyamaza, Jumamosi unasukwa, Jumapili unavaa gauni jipya unaenda kanisani unarudi pilau inanukia mpaka barabarani. Hakuna aliyetupa pipi za kilo mbili. Nataka wanangu wakifungua wakute gauni na kishati kwanza, wavae, twende misa, hayo mayai ya plastiki nitakayoyaficha tutayatafuta tukirudi.

Mwaka huu wa 2026 Pasaka ni tarehe 5 Aprili. Bibi yao ametuma vikapu viwili vya ukindu kutoka nyumbani, nimeshapitisha mkono ndani nikakata kila ncha iliyojitokeza, na kanga ziko kwenye kamba zinakauka.