Kiuno Kilingoja Vumi

Mpiga ngoma yetu ya vumi alipiga simu akiwa bado upande wa Diani, matatu imepata pancha na spea hakuna. Sisi tuko harusini Kibokoni, Mombasa, uani kina mama wamejaa hadi ngazini, wanataka chakacha, na chakacha bila vumi ni mazungumzo tu.

"Msijali," akasema mpiga kinanda, akafungua mkoba na kutoa sikwensa, mashine ya kupiga midundo yenyewe, aliyoinunua mtumba. Mimi ni mpiga udi, kwangu mashine ni mashine. Hata hivyo, niliwahi kugusa mashine ya ngoma ya Roland TR-808, ile ya mwaka 1980: vitufe 16 mstari mmoja, ukibonyeza cha kwanza ngoma inalia mwanzo, ukibonyeza cha tano inalia pa tano. Hii yake pia ina 16, lakini kila kimoja kina kazi ya pili ukishika kitufe cha pembeni, ya tatu ukishika viwili, na ya nne ambayo nadhani hata fundi aliyeiunda kaisahau.

Chakacha huenda kwa sita, kwa hiyo akaikata ngoma iishie hatua ya 12, yaani kitufe cha 12. Besi akaiacha 16. Basi kila baada ya hatua 48 ngoma na besi zilikutana, zikaamkiana, zikaachana tena. Wajuzi wa mashine huita hiyo polimita na hujivunia. Kina mama wa Kibokoni waliiita jina jingine ambalo siliandiki hapa.

"Rekebisha!" nikamnong'oneza. Akainama, akashika viwili, akafungua ukurasa wa bahati: kila pigo la vumi sasa lina asilimia 50 ya kulia. Somo wa bi harusi, ambaye kwa kukata kiuno hana mpinzani mji mzima, akapeleka kiuno kulia, akangoja vumi. Kimya. Alipokata tamaa na kuanza kukirudisha, du! Leso ikaponea chupuchupu.

"Zima basi!"

"Kuzima kuna menyu yake."

Shangazi wa bi harusi akaja hadi jukwaani, miwani kaishusha puani. "Mwanangu, redio yenu imeharibika?"

"Si redio, shangazi, ni sikwensa. Ina mambo mengi sana."

"Naona. Lililokosekana ni moja."

Akaingia ndani, akatoka na vugo, pembe ya nyati na kijiti chake. Akakaa kwenye mkeka, akaanza kugonga. Wenzake wakafuata kwa makofi, udi wangu ukapata pa kuegemea, na somo akalipiza kisasi cha lile pigo lililomsaliti. Noti zote za kutuza zikaenda kwa shangazi, nyingine zimebandikwa kwenye miwani.

Pilau ilikuwa inapakuliwa tuliposikia ukelele kutoka nyuma ya kinanda: "Nimeupata! Ukurasa wa urefu!" Hakuna aliyegeuka.

Asubuhi yake shangazi alimtuma mtoto aje kutuuliza kama tuna shughuli nyingine Ijumaa, maana yeye ana nafasi. Na bei yake, akasema mtoto, si ile ya jana.