Diski ya Seva Ikijaa, Tupime Kabla ya Kufuta

Miongoni mwetu tunaotunza seva za nyumba za wageni hapa Lamu imeenea tabia ambayo siikubali: diski ikijaa, mtu hukimbilia `rm`, amri ya kufuta faili. Haraka hiyo naielewa, kwani wakati wa Maulidi, vyumba vya Mkomani na Langoni vinapogombewa, hifadhidata iliyokosa pa kuandika haiwezi kupokea ombi lolote la mgeni. Hata hivyo, kufuta kabla ya kupima ni kuziweka hatarini kumbukumbu za watu waliotuamini.

Kipimo chenyewe ni chepesi. `df -h` huonyesha ni sehemu ipi iliyojaa, na `du -xh --max-depth=1 / | sort -h`, ikirudiwa folda kwa folda, hutufikisha penye uzito, ambapo mara nyingi ni ndani ya `/var`: logi (rekodi za matukio ya mashine) zilizorundikana, nakala za akiba zilizosahauliwa, au vifurushi ambavyo `apt clean` huviondoa bila madhara. Nafasi ikionekana ipo na mashine bado inakataa kuandika, itazamwe `df -i`, kwa kuwa ainodi (rekodi ambazo mfumo wa faili huweka, moja kwa kila faili) nazo zina kikomo na faili ndogondogo nyingi huweza kuzimaliza.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba wengi hawaelewi kufuta kwenyewe. Katika Linux, `rm` huondoa jina la faili. Maadamu kuna programu ingali imeifungua, data hubaki diskini na `df` haibadiliki. Hapo mtu hudhani hajafuta vya kutosha, akaendelea na faili nyingine na nyingine hadi akagusa isiyo na mbadala, ilhali `lsof +L1` ingemwonyesha faili zilizokwisha kupoteza majina pamoja na programu inayozishikilia, ambayo ikizimwa na kuwashwa upya nafasi hurudi. Logi inayoendelea kuandikwa, ikiwa yaliyomo hayahitajiki tena, ni afadhali ikatwe kwa `truncate -s 0`.

Ndani ya `/var/lib/mysql`, folda ya hifadhidata ya MySQL, mtu asifute kitu kwa mkono wake kamwe. Binlogi, yaani rekodi za mabadiliko ya hifadhidata, huondolewa kwa `PURGE BINARY LOGS`, amri ya hifadhidata yenyewe.

Logi za mfumo hupunguzwa kwa `journalctl --vacuum-size=200M`, lakini asipowekewa kikomo cha `SystemMaxUse` katika `/etc/systemd/journald.conf`, `journald`, programu inayoziandika, atazikuza tena hadi asilimia 10 ya mfumo wa faili, au GB 4, kwa kutegemea kipi ni kidogo.