Unasihi wa vikundi kwa wageni wa kidato cha tano

Kila mwaka, kwa kawaida Julai, maelfu ya vijana wa Tanzania huripoti kidato cha tano katika shule za bweni ambazo wengi wao hawajawahi kuziona, kwa kuwa hupangiwa na Serikali kwa kuangalia ufaulu na tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo watakayosoma. Aliyekulia Lindi hushuka basi Njombe katikati ya kipupwe, na tranka, godoro na ndoo yake, akiwa na sweta moja jepesi. Anachokutana nacho mara nyingi ni hotuba ya sheria za shule kwenye paredi, kisha masomo yanaanza.

Wanaotetea unasihi wa vikundi, yaani wanafunzi wachache kukaa pamoja na mwalimu na kushauriana kuhusu yanayowasumbua, wana hoja nzito. Nimemsikia kijana akikiri mbele ya wenzake tisa kwamba alikuwa na siku tatu hajaoga kwa kuogopa maji ya baridi. Wakacheka, lakini kwa nafuu, maana wengine wawili walikuwa na tatizo hilohilo, na mwenyeji wa Makete, wilaya yenye baridi kali mkoani Njombe, akawashauri waoge alasiri, jua likiwa bado kali. Mwalimu peke yake asingelijua jambo hilo, na hata angelijua, neno lake lisingepokelewa kama la rika.

Wapo walimu wanaosema muda hautoshi, kwa sababu mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei na mihtasari ni mirefu. Hoja hii hainishawishi sana: asiyelala usiku kwa kuwaza nyumbani hafaidiki na kipindi cha ziada cha fizikia.

Pingamizi linalonisumbua ni la siri. Bwenini maneno hayafichiki, na lililosemwa kikundini saa kumi huweza kufika vitandani kabla ya kengele ya kulala. Msiba, ukatili wa nyumbani au kukojoa kitandani si mambo ya kumwagwa mbele ya watu kumi, hata wakiapa kunyamaza. Hayo yanahitaji mnasihi mmoja na faragha. Tena, kikundi kikiongozwa na mwalimu wa nidhamu, aliyeshika fimbo asubuhi, wanafunzi watajibu yale anayopenda kuyasikia.

Kwa hiyo naunga mkono vikundi vidogo, visivyozidi watu kumi, vikutane kila wiki katika muhula wote wa kwanza, na mada ziwe za maisha ya kila siku: baridi, chakula, prepo (muda wa kujisomea nje ya vipindi), fedha za matumizi, namna ya kuishi na mwenzako wa kitanda cha juu. Mwalimu anayeviongoza abaki dakika chache baada ya kikao, wengine wakishaondoka, kwa ajili ya yule anayejikawiza kufunga daftari lake.