Mganga hajigangi, ndiyo maana nina wangu

Nilipomwambia mamangu kwamba naacha uhasibu nikasomee ushauri nasaha, hakukasirika. Alikuwa anageuza karafuu juani, uwanjani kwetu Wete, Pemba. Akauliza bila ya kuinua kichwa: "Na wewe mwenyewe ushapoa?"

Sijapoa. Nina sonona, huu mwaka wa sita. Dawa nameza kila usiku, na zipo asubuhi ambazo kuvaa champali tu ni kazi.

Kabla ya hospitali nilinyweshwa kombe: sahani nyeupe, aya kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji nikanywa. Sina kinyongo nalo. Mjomba aliyeliandika alikaa nami mpaka Isha, jambo ambalo daktari wangu wa kwanza hakulifanya hata kwa robo saa. Kazini ndiko kulikoniuma. Niliomba ruhusa ya kwenda kliniki, mkubwa wangu akatangaza mbele ya wenzangu kuwa naenda Kidongo Chekundu. Watu wakacheka, nami nikacheka. Kwa msiopajua, ndiyo hospitali yetu ya maradhi ya akili Unguja, na jina lake tumeligeuza tusi.

Sasa watu hunitupia methali: mganga hajigangi. Wanadhani wamenifunga mdomo. Methali haikusema mganga asiumwe, imesema asijitibu. Basi nami nina wangu, namwendea kila wiki mbili, mvua au jua.

Wanaonisifu nawaogopa zaidi. "Wewe utawaelewa, yamekupata." Hata mimi niliamini hivyo, mpaka siku ya mazoezi darasani. Mwenzangu aliigiza mama wa watoto wanne, mume yuko dago, kambi ya wavuvi, naye mama usiku hapati usingizi. Nikamkatiza: "Najua, hata mie…" Nikasimulia usiku wangu, na giza lake, na jogoo wake. Mwalimu akatazama saa. "Dakika tatu. Mteja ni nani hapa?"

Yule mama, kwa mujibu wa karatasi, alikosa usingizi kwa deni la kikoba. Sikumpa hata nafasi ya kulitaja.

Kule Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani Harare kukaa benchini na kuwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi twasema "ana mawazo". Bibi wale wana yao pia, nani asiye nayo? Lakini walifundishwa, na wanaye wa kumwendea wakielemewa. Kwangu hapo ndipo penye kazi, si kwenye kovu.

Mwezi uliopita nilielemewa. Nikamwambia msimamizi wangu, akaniondolea wateja wiki mbili, nikapanda meli kurudi Pemba. Mamangu akanisogezea jamvi, tukachambua karafuu mpaka Magharibi, vidole vyeusi. Safari hii hakuuliza kama nimepoa. Aliuliza kama huyo mganga wangu anakula pweza, maana kuna mkavu wa kumpelekea.